Wifi Yangu, Mlaza Mashine

Wifi yangu, yaani mke wa kaka yangu, analipwa mshahara kwa kulaza mashine. Sisemi hivyo kwa kumkebehi, ingawa kumkebehi wifi ni haki yangu na sijawahi kuiacha ikalala. Ndiyo kazi yake kweli. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia anaandika kiini cha mfumo endeshi, na hapo hamu ya kuuliza swali la pili itakuwa imekutoka. Mimi ni fundi cherehani. Niulize mimi.

Kila kifaa chenye betri kina ubongo wake ndani, wenyewe wanauita prosesa. Ubongo ukiwa macho unakula betri bila huruma. Kwa hiyo kila usipokuwa na kazi, hata kwa muda wa kufumba na kufumbua, inafaa ulale. Nani anauambia ulale, ulale vipi, uamke lini? Kile kiini. Na nani anakiambia kiini? Wifi yangu, amekunja mguu mmoja juu ya kiti na kalamu ameichomeka kwenye nywele, kisha anaitafuta ofisi nzima. Kazini wanamwita Mama Usingizi.

Usingizi wenyewe ni wa namna namna. Upo wa kusinzia: ukiguswa umeamka, lakini betri bado inaliwa. Upo wa fofofo: betri inapumua, ila kuamka ni shughuli. Kaka yangu ni wa fofofo, unaweza kuhamisha kitanda naye yumo. Sasa kila sehemu ya kifaa, iwe kioo au ile redio ndogo ya kutuma habari, inapeleka ombi kwenye kiini: mimi siwezi kungoja zaidi ya muda huu. Kiini kinakusanya maombi yote, kinatafuta lenye haraka kuliko mengine, kinalifuata hilo. Wavumilivu wakiwa tisa na mwenye haraka mmoja, ubongo utasinzia tu kwa ajili ya yule mmoja. Na mwenye haraka akimaliza shida yake lazima arudi mwenyewe afute ombi. Asipofuta, kiini hakibahatishi. Kitaendelea kumtii mpaka betri ife.

Aliponieleza hayo mara ya kwanza nilicheka mpaka nikachomwa na sindano. "Wifi," nikamwambia, "hapo umenieleza nyumba yenu." Maana kwao asubuhi kaka anataka shati lipigwe pasi, binti yao anataka kusukwa, na mama yetu, anayeishi nao, anataka chai sasa hivi. Anayesikilizwa ni mama. Wifi hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Tofauti ni kwamba mama hajawahi kufuta ombi hata moja."

Ndivyo alivyo. Anasema kitu cha kuvunja mbavu huku uso mkavu, halafu anarudi kwenye kompyuta.

Hakuzaliwa akijua mambo hayo. Alipokuwa chuoni alikuwa na simu moja kuukuu iliyokuwa ikizimika kila siku kabla ya chakula cha mchana. Wenzake walimshauri anunue nyingine. Yeye akakaa nayo wiki tatu akichungulia ndani kujua nani anaila betri, hadi akamkamata: kijiprogramu cha hali ya hewa, kilichokuwa kikiuamsha ubongo kila dakika kuuliza kama mvua inanyesha. "Na mimi nilikuwa nimekaa dirishani," huwa anasema, kwa hasira mbichi kabisa, miaka kumi na mitano baadaye. Alikifuta, simu ikadumu siku mbili, na maisha yake yakawa yameshapata njia.

Tangu hapo haoni taa ikawaka bure akanyamaza. Anapita nyumbani kwake akiuliza kila mlango, "Kuna anayeitumia hii?" Usipojibu, klik. Kaka amezimiwa feni akiwa chini yake. Mimi nimezimiwa taa ya bafuni nikiwa na sabuni machoni, na nilipopiga kelele akajibu kutoka sebuleni, "Nimeuliza, hukuomba!"

Karakana tunayofanyia kazi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Tuko saba. Ngazi zinanuka rangi na juu kunanuka waya ulioungua na kahawa. Tunatengeneza mkanda wa kufungwa kifuani ambao unaandika mwenendo wa moyo. Wao wanashughulika na kidude kilichomo, mimi nashona mkanda wenyewe na kupachika vifungo vya chuma vinavyogusa ngozi. Cherehani yangu iko kwenye kona yenye dirisha. Wifi ndiye aliyeniingiza, na hachoki kunikumbusha.

Ukutani kuna ubao mweupe, na juu yake maandishi mekundu ya mkono wa wifi: UKIOMBA, ANDIKA. UKIMALIZA, FUTA. Kila anayeweka ombi lolote kwenye kiini, hata la majaribio, sharti aandike ubaoni jina lake, alichoomba na tarehe. Akiliondoa ombi, anafuta mstari wake. Sheria hiyo aliitunga yeye, akaisimamia yeye, na watu wazima wenye ndevu walikuwa wakikimbilia ubao wakisikia viatu vyake kwenye ngazi.

Sasa nije kwa mama.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na sita na bado anatazama watu kama wamechelewa namba ya asubuhi shuleni. Mwaka wa kisa hiki alianza kuanguka. Si kujikwaa, alikuwa akizimika tu, sekunde chache, kisha anafungua macho na kukana. Mara ya kwanza alianguka na beseni la nguo. Mara ya pili mlangoni. Ikawa kila baada ya siku mbili tatu, mchana kweupe, bila kutoa taarifa. Kaka alisema hali chakula vizuri. Mimi, Mungu anisamehe, nilisema anataka tumzunguke. Wifi peke yake ndiye hakusema kitu. Alianza tu kuandika tarehe na saa.

Hospitali walimfunga kifaa chao kinachoandika moyo siku moja. Siku hiyo hakuanguka, na karatasi zikatoka safi. Daktari wa moyo hakuridhika. Alisema huenda moyo unasimama kidogo kisha unaendelea, na kama ndivyo, kuna kifaa kidogo cha kuwekwa kifuani kitakachouchochea usisimame tena. Lakini hawezi kumpasua mtu kwa kubahatisha. Anahitaji auone moyo ukisimama, kwa macho yake. Anahitaji siku mbili mfululizo, saa arobaini na nane bila kukatika. Na kwa kuwa yeye ni mmoja wa madaktari waliokubali kuujaribu mkanda wetu, akasema uje huo.

Kumshawishi mama ndio ulikuwa mlima. Alimsikiliza daktari, akamsikiliza kaka, akanisikiliza mimi nikibembeleza hadi sauti ikakauka. Mwisho akanyanyua kidole kimoja.

"Mara moja," akasema. "Mimi si mzigo wa kufungwafungwa kamba. Mtanifunga mara moja, kikiona kimeona, kisipoona tena basi. Msinirudie."

Wanaomjua mama wanajua hiyo haikuwa gia ya kuanzia mazungumzo. Akiisha kusema hivyo, kumgeuza ni kama kusukuma nyumba. Wifi akaomba siku tisa za kuandaa mkanda. Jioni hiyohiyo akaja mezani kwangu karakanani akiwa na sura ya mtu aliyemeza kitu.

"Jaribio la leo limekufa saa thelathini na moja," akasema.

"Thelathini na moja kati ya arobaini na nane?"

"Ndiyo, wifi. Na mama hatavaa mara mbili."

Kesho yake vita vikaanza. Wifi alifunga kipimo cha umeme kwenye kidude akaonyesha wote: ubongo ulikuwa hauzami usingizini. Ulikuwa ukikaa macho kodo mchana kutwa, hata pale ambapo hapakuwa na la kufanya. "Kuna mtu kaweka ombi hajafuta," akasema. Ubao ulikuwa mweupe. Maana yake kuna mtu hakuandika, na kwa wifi kosa hilo ni kubwa kuliko la kwanza.

Akaanza na Fundi Redio, kijana mpole wa miwani anayeandika sehemu ya kutuma habari kwenye simu. Redio huwa na haraka, kila mtu anajua. Wifi akamkalisha, akamsomea kazi yake mstari kwa mstari kwa sauti, akampa vidonge vyake mbele yetu sote. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akamuuliza kama anajua kuna binadamu hai anayesubiri huo mkanda. Maskini akawa anaondoka na kompyuta kwapani, harudi kwa chakula. Dada anayeshughulika na kioo kidogo cha kidude naye hakusalimika, ila yeye ana mdomo, kwa hiyo wakagawana maneno.

Mimi nilikuwa nashona. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba siku zinakwenda na mama atabadili nia.

Siku ya tano wifi akachoka kuhoji watu, akaamua kuhoji kiini. Aliongeza kitu ili kila ombi lililo hai litoke na jina la mwenyewe, kokote lilikotoka. Meneja wetu akataka kuona, kwa hiyo akaunganisha kompyuta na skrini kubwa ya ukutani. Tukasogea wote. Mistari ikashuka. Redio: limefutwa. Kioo: limefutwa. Kisomaji cha moyo: lipo, la kawaida. Halafu mstari mmoja wa mwisho, peke yake, unaodai ubongo usilale hata chembe, na jina lake: jaribio, la saa moja tu, Mama Usingizi.

Fundi Redio alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akausoma mstari upya. Mimi mdomo wangu haunaga breki.

"Nyani haoni kundule," nikasema.

Ningenyamaza ningefanya jambo la maana, kwa sababu dakika hiyohiyo wote wawili tulikumbuka. Miezi mitatu nyuma mkanda ulikuwa unapoteza mapigo. Wifi akashuku usingizi: labda ubongo unachelewa kuamka. Akauzuia usilale kabisa, kwa saa moja, aone kama mapigo yatarudi. Hakuandika ubaoni, maana ni saa moja tu, nani anaandika kitu cha saa moja. Mapigo hayakurudi. Kumbe vifungo vyangu vilikuwa vimelegea. Akaja kunisema, nikamjibu, tukajibizana kuhusu vifungo, kisha kuhusu pasi aliyoniazima, kisha kuhusu harusi yake. Nilibadili vifungo, mapigo yakarudi, tukanuniana siku nne. Ile saa moja ikaendelea miezi mitatu.

Wifi aliinuka. Nilidhani atatoka nje. Akaenda kusimama mbele ya meza ya Fundi Redio.

"Nimekuonea," akasema. "Siku tatu nzima nimekusema mbele za watu kwa kosa langu mwenyewe. Naomba unisamehe."

Yule kijana akawa anatafuta pa kutazama. "Yamekwisha, Mama Usingizi. Ila mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini ni mimi. Jana nimefuta hata vitu vilivyokuwa vinafanya kazi."

Tukacheka, wifi naye akacheka mpaka machozi, wakakaa pamoja mchana kutwa kurudisha alivyovifuta. Kabla ya kuketi alikwenda ubaoni, akaandika lile ombi na tarehe yake ya miezi mitatu iliyopita na jina lake, herufi kubwa. Kisha akaliondoa kwenye kiini, akarudi akaufuta mstari. Nilimheshimu sana kwa hilo, na sijamwambia.

Ombi lilipoondoka, mkanda ukadumu saa sitini na moja. Karakana nzima ikashangilia, na Meneja, ambaye hajawahi kuona kitu kizuri asitake kukinyoosha, akauliza kama haiwezi kufika sabini na mbili. Alitaka kuandika siku tatu kwenye boksi. Wifi akasema inaweza: ubongo ukiruhusiwa kulala fofofo, itafika. Lakini akamweleza. Kisomaji hupima moyo mara mia mbili na hamsini kwa sekunde, na vipimo hukingwa kwenye kitu kama kibakuli kidogo. Kibakuli kikijaa, ubongo unaamshwa ukimwage upesi ndani ya kumbukumbu, ukarudi kulala. Ukiwa fofofo, mara nyingine unachelewa sehemu ndogo tu ya sekunde, kibakuli kinafurika, na vipimo kadhaa vinapotea.

"Kimoja katika maelfu," Meneja akasema. "Nani atajua?"

"Mama mkwe wangu atajua," akasema wifi. "Anajua vyote."

Meneja amewahi kukutana na mama. Hakuendelea. Wifi akaweka ombi la kisomaji, la usingizi wa katikati, akaliandika ubaoni na mbele yake akaongeza: la kudumu, lisifutwe. Akavipa vibakuli namba pia, moja, mbili, tatu, ili kimoja kikimwagika pengo lionekane kwenye hesabu. Nami nilishona mkanda wa mama kwa mishono miwili kila mahali, nikavijaribu vifungo kwa kuning'iniza mkasi wangu mzito siku nzima. Mkasi haukuanguka.

Jumatano saa tatu asubuhi tukamfunga. Mama alisimama katikati ya chumba chake mikono juu, akitazama dari.

"Hiki kinasikia nikisema?"

"Hapana mama, moyo tu," akasema wifi.

"Afadhali. Maana nina mengi ya kusema juu ya huyu aliyeshona. Unabana."

Basi siku mbili hizo tulikuwa vituko. Sisi wenyewe, ambao mwezi mzima tulikuwa tukiomba mama asianguke, sasa tulikuwa tunamfuata chumba hadi chumba tukisubiri. Kaka alichukua likizo, akawa anatembea nyuma yake na mto. Mama akamwuliza kama anataka kutaga. Jumatano ikapita, mama yuko imara. Alhamisi akafagia uwanja mzima kwa makusudi, imara. Nilimkuta wifi jikoni akihesabu kwa vidole saa zilizobaki, na nilijua anachokiogopa, kwa sababu nami nilikuwa nakiogopa: kwamba saa zitaisha karatasi zikiwa safi, mama avue, aseme basi, na siku moja aanguke penye ngazi.

Ijumaa saa moja asubuhi nilipita kwao ili twende kazini pamoja. Mama alikuwa anakunja shuka. Alinyoosha mkono anipe ncha moja, na kabla sijaishika akashuka. Hakupiga kelele. Kaka akatupa mto, akamdaka mabega. Uso ulikuwa umepauka kabisa. Nikaita jina lake la utoto, ambalo hatuna ruhusa ya kulitumia. Akafungua macho.

"Sijaanguka," akasema. "Nimekaa."

Saa tatu kamili tukaufungua mkanda. Betri ilikuwa bado na akiba. Wifi hakutaka kungoja kufika karakana. Akafagia vikombe vya chai pembeni, akaweka kompyuta kwenye meza ya chakula, akaunganisha. Kaka alikuwa amempeleka mama kujilaza. Nikasimama nyuma ya kiti cha wifi.

Tukaisogeza mistari hadi saa moja asubuhi ya siku ile. Pigo, pigo, pigo, vilima vidogo vinavyofanana. Halafu hakuna. Mstari ukanyooka, ukaendelea kunyooka hadi ukapita ukingo wa skrini na wifi akalazimika kusogeza tena. Kisha pigo moja la uvivu, kisha mengine.

"Imepoteza," akasema wifi. Sauti yake ilikuwa karibu na furaha. "Kibakuli kimemwagika. Nimekosea mahali, wifi. Ngoja, nitapaona."

Akafungua namba za vibakuli. Vilikuwa karibu vinane kila sekunde, na alivipitia kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu, akinong'ona. Nilimwona akitafuta pengo. Hakuna namba iliyorukwa. Akatazama saa ambazo ubongo uliamshwa na saa ambazo uliamka: kila mara uliwahi. Akavipitia upya tangu mwanzo.

Kisha akageuka akanitazama. "Niambie vifungo vyako vililegea."

Nilitamani kusema ndiyo. Mwanamke huyu tuliyewahi kugombana naye siku nne kwa sababu nilikataa kusema ndiyo juu ya vifungo hivyohivyo, sasa ningempa kosa hilo bure, na jingine juu yake. Lakini kidude huandika pia kama vifungo vimegusa ngozi, na maandishi yalikuwa pale mbele yetu wote wawili. Viligusa muda wote.

"Havikulegea," nikasema.

Alifunika mdomo kwa mkono. Kwa miezi nilimsikia akiomba mashine hii isikosee. Asubuhi ile aliomba ikosee, nami niliomba naye, na ilikuwa sahihi tupu.

"Mnanong'ona nini?" Mama alikuwa amesimama mlangoni, na kaka nyuma yake. Hakuwa amejilaza hata kidogo.

Wifi angeweza kusema tumsubiri daktari. Mimi ningesema hivyo. Yeye akainuka, akamvutia mama kiti.

"Moyo ulisimama, mama. Pale ulipokuwa unakunja shuka. Ulisimama sekunde sita."

Mama akaketi. Akaitazama skrini kama anavyotazama daftari la mtoto mvivu. "Sita," akasema. "Sita ni nyingi?"

Na aliyeulizwa ni wifi, mtu ambaye nimemwona akigombana na wanaume wazima juu ya sehemu ya elfu ya sekunde.

"Ni nyingi, mama," akasema. "Ni nyingi sana."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Basi mpigie huyo daktari kabla hujaanza kulia. Ukilia hataelewa unasema nini."

Wifi akapiga. Alisimama wima, akamweleza daktari saa, dakika, idadi ya sekunde, pigo la mwisho na la kwanza. Sauti haikutikisika. Chumba kilikuwa kimya hata nikasikia daktari akiuliza, "Una hakika si kifaa kilichopoteza?"

Wifi akafumba macho.

"Nina hakika, daktari. Hakuna kilichopotea."

Daktari akasema mama aletwe sasa hivi, asubuhi hiyohiyo, na begi lake la kulala, kitanda kitakuwa tayari na kile kifaa cha kifuani kitawekwa kesho. Kaka akakimbilia funguo. Wifi akamshukuru daktari, akakata simu, akaiweka mezani kwa uangalifu karibu na vikombe. Ndipo akalia, kwa sauti, kama mtoto, na mama akamvuta akamlaza kichwa kifuani pake, akasema, "Haya, mwanangu. Sasa lia."